Makato ya Utunzaji Noti

Tunduma nzima hapakuwa na mtu aliyeichukia benki kama Aida, mjane wa Deus Sichone. Miaka mitatu kasoro miezi miwili alikaa Kitwe, huko Zambia, akiuza mchele wa Kyela na maharage ya Mbozi, wateja wakimwita ba mayo, yaani mama, na muda wote huo aliikwepa benki kama mtu anavyomkwepa mdai wake sokoni.

Aliyeanza kumla ni mashine ya kutolea pesa. Wiki ya kwanza alitia kadi yake ya Tanzania, akataka kwacha elfu tatu, mashine ikamuuliza kwa adabu zote kama angependa hesabu ifanywe kwa shilingi. Aida akaona amepewa heshima, kuulizwa habari za pesa ya kwao katikati ya ugeni. Akabonyeza ndiyo. Alipokuja kukaa chini na kalamu akakuta ile heshima imemgharimu elfu ishirini na mbili. Tangu hapo kila Mtanzania aliyefika Kitwe alimshika mkono: "Mashine ikikuuliza shilingi, kataa. Ukiwa kwa watu, toa pesa ya watu. Na usitoe vijisenti kila siku, maana kila ukitoa unakatwa mara mbili, na mwenye mashine na benki yako ya nyumbani. Toa mara moja kwa mwezi, ujifungie nayo."

Mwishowe kadi yenyewe akaiweka kabatini. Alimpata mama mmoja aitwaye Conjesta, ambaye mume wake alikuwa Tunduma akinunua mahindi ya Zambia na kila siku anatafuta kwacha. Wakaelewana. Aida anampa Conjesta kwacha pale Kitwe, mume wa Conjesta anaweka shilingi benki upande wa Tanzania siku hiyo hiyo. Pesa haikuvuka mpaka hata moja. Kwacha zilibaki kwao na shilingi zilibaki kwao, na Aida alijiona amewapiga chenga wenye benki wote, wa huku na wa kule.

Lakini makato hayakuisha.

Shilingi zile zilikuwa zinaingia kwenye akaunti ya Clever, shemeji yake, mdogo wa marehemu Deus. Aida alikuwa anajenga nyumba ya vyumba vitatu Mpemba, fundi anataka pesa mkononi, naye yuko mbali. Lazima mtu atoe pesa benki na kumlipa fundi. Clever alikuwa na kibanda cha kutuma na kupokea pesa karibu na mpaka, kijana wa mashati yaliyonyooka, anaimba kwaya, anamwita shemeji kwa sauti ya kubembeleza. Kila mwezi alimtumia Aida ule ujumbe wa benki, neno kwa neno: "Ndugu mteja, akaunti yako imekatwa shilingi 92,000, makato ya utunzaji noti. Saa 10:25." Mwezi ujao makato ya sarafu mgeni. Ujao makato ya wikiendi.

"Clever, sarafu mgeni imetoka wapi?" Aida aliwahi kumpigia. "Hizo ni shilingi, zimewekwa na mtu wa hapo hapo Tunduma."

"Shemeji, wenye benki wana mitambo. Wanajua jasho limetoka Zambia."

Aida akaamini. Akaanza kulala stoo juu ya magunia ili aokoe kodi ya chumba. Akaacha kula mchana. Mwanawe Lusajo alipomaliza darasa la saba kule Vwawa, mama hakuja, kwa sababu nauli ilikuwa sawa na makato ya mwezi mmoja. Na bado nyumba ilifika kwenye lenta ikagoma. Mvua za misimu miwili zilinyesha ndani ya vyumba vitatu visivyo na paa, magugu yakaota sebuleni, na fundi Makene akawa anampigia simu akisema tofali zinaanza kulia.

Ndipo Clever akatangaza harusi. Alikuwa amempata Mercy, nesi wa Igamba, msichana mpole mwenye mshahara. Mama mkwe akampigia Aida mwenyewe: "Mama Lusajo, rudi nyumbani. Kamati ya harusi inataka mweka hazina anayeweza kubishana na benki. Nani mwingine zaidi yako?"

Aida akauza magunia yaliyobaki, akarudi.

Nyumba ya mama mkwe pale mtaa wa Sogea ilikuwa imejaa watu kama soko la Ijumaa. Shangazi kutoka Mbebe wameshafika na viazi vyao, wifi wanashona sare, watoto wamelala watano kitanda kimoja, na Rozi, jirani ambaye hakuna habari ya mji huu iliyowahi kupita bila kupumzika kwenye kibaraza chake, amehamia na kigoda kabisa. Kamati ikafungua akaunti Vwawa, kwenye benki ile ile ya Clever, simu ya Aida ikaandikishwa kupokea ujumbe.

Mchango wa kwanza ulikuwa laki nne za Mzee Efraimu, baba mdogo wa Clever na mwenyekiti wa kamati. Aida alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele na Rozi, simu ikalia. Akaifungua huku uso ameshaukunja, akitafuta ni kiasi gani kimeliwa.

Laki nne zilikuwa laki nne.

"Wamesahau kukata," akasema.

"Nani?"

"Benki."

Rozi akacheka. "Benki isahau kukata? Ngoja jioni."

Jioni ikapita. Kesho yake ikaingia laki mbili, nayo nzima. Aida akaanza kuusoma ujumbe ule kwa makini, mpaka macho yakafika mwisho, penye saa. Ujumbe ulisema 11:40. Akainua macho kwenye saa ya ukutani ya mama mkwe: saa sita kasoro dakika ishirini. Sawasawa kabisa. Akarudi nyuma kwenye meseji za Clever, moja baada ya nyingine, akizitazama saa tu.

Kila mtu wa Tunduma anajua kwamba saa ya Zambia iko nyuma kwa saa moja. Ukiwa huku ni saa tano, mwenzako wa Nakonde, ng'ambo ya barabara tu, kwake ni saa nne. Na simu za mji huu hazina uzalendo. Zikinasa mnara wa Zambia zinarudisha saa nyuma zenyewe, watu wanachelewa ibada wakidhani wamewahi. Wengine huzima mambo hayo. Clever hakuzima, kwa sababu alitembea na laini ya Zambia kwa ajili ya wateja wake wa Nakonde.

Mwezi wa tatu, Aida alikuwa amempa Conjesta kwacha saa nne na dakika kumi, saa ya Kitwe. Ujumbe wa makato ulisema 10:25. Kule Kitwe ulionekana sahihi, robo saa tu baadaye, kwa kuwa hata yeye alikuwa anaishi kwa saa ya Zambia. Lakini Vwawa wakati huo ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Meseji zote thelathini na nne zilikuwa hivyo. Benki ya Vwawa, iliyojengwa Vwawa, yenye wafanyakazi wa Vwawa, ilikuwa inakata pesa kwa saa ya Zambia.

Aida akaifunga simu. Akapanda basi kwenda Vwawa, akapanga foleni, na alipofika dirishani akamuuliza binti wa benki: "Mwanangu, makato ya utunzaji noti ni shilingi ngapi?"

"Ya nini, mama?"

"Utunzaji noti."

Binti akamtazama kuona kama ni mzaha. "Mama, noti tunazitunza bure. Kuna ada ya mwezi, haifiki hata bei ya mguu mmoja wa kuku."

Aida akashukuru, akatoka, akakaa kwenye ngazi za benki akajumlisha. Milioni sita, laki tatu na elfu arobaini. Alipofika mwisho wa hesabu hakulia. Alifikiria magunia aliyoyalalia, akafikiria picha ya Lusajo kwenye mahafali amesimama na jirani, na akaona jinsi atakavyomla Clever. Taratibu, kwa vijiko, kwa mkono wa Clever mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata grupu la WhatsApp la kamati likapokea habari kutoka kwa mweka hazina. "Wapendwa, shangazi ametuma laki tatu, Mungu ambariki. Benki imetuma ujumbe huu: Ndugu mteja, akaunti yako imekatwa shilingi 120,000, makato ya utunzaji noti. Saa 9:15." Saa ya Tunduma wakati huo ilikuwa nne na robo.

Watu wakalaani benki kwa ukali. Clever aliusoma, Aida aliona, lakini hakuandika neno.

Alhamisi yakaja makato ya sarafu mgeni. Jumamosi, makato ya wikiendi. Maneno yote yalikuwa ya Clever, hata lile kosa lake la "sarafu mgeni" Aida hakuligusa. Na kila alichokata hakukiacha benki. Alikitoa, akakipeleka Mpemba. Zikaja mbao, zikaja misumari, yakaja mabati, na fundi Makene akapanda juu akipiga mluzi.

Wiki ya pili Clever akamfuata jikoni, akasimama mlangoni anachezea funguo za pikipiki.

"Shemeji."

"Bwana harusi."

"Zile meseji za benki."

"Zina nini?"

"Hazina kitu. Ila ni nyingi."

"Ndiyo benki yako hiyo. Si uliniambia wana mitambo?" Aida akakoroga mboga. "Au wewe unaona si za benki? Sema, nikawaambie wazee kwamba umezitambua."

"Hapana. Nilikuwa nauliza tu."

"Uliza, baba. Kuuliza hakukatwi."

Clever akaondoka. Siku zile akaanza kukonda. Ukumbi ukabadilishwa ukawa shule ya msingi. Matarumbeta yakafutwa. Ng'ombe akageuka mbuzi wawili. Kila kitu kilipokuwa kinafutwa, Aida alikisoma kwa sauti mbele ya kamati, pole pole, na kila mara aligeuka kumtazama bwana harusi kama mtu anayempa pole.

Kikao cha mwisho kilifanyika Jumapili baada ya ibada, wiki moja kabla ya harusi. Watu arobaini na kitu walijaa uani, waliokosa viti wakakaa kwenye ndoo. Mercy naye alikuja na shangazi yake kutoka Igamba, wakapewa kochi karibu na Clever. Mzee Efraimu akavaa miwani, akasoma.

"Michango iliyopokelewa, milioni kumi na tano na laki mbili. Makato ya benki, milioni sita, laki tatu na elfu arobaini." Akavua miwani. "Hii ni benki au nzige? Mimi nimeuza kahawa miaka thelathini, pesa zangu zimelala benki hiyo, sijawahi kuona jambo kama hili. Mweka hazina, simama utueleze."

Watu wote wakamgeukia. Aida alijua macho yale. Yalikuwa macho ya watu wanaokaribia kukuita mwizi. Akasimama, akafunga vizuri kitenge chake.

"Baba, mimi mambo ya benki siyajui. Nilikuwa ugenini. Aliyenifundisha makato haya ni bwana harusi. Miezi thelathini na nne alikuwa ananifafanulia moja moja. Naomba awafafanulie na nyie, halafu mkiona mimi ndiye mwizi, mnifunge."

Akavuka uwanja, akamkabidhi Clever simu.

Clever akaishika simu kama kitu cha moto. Akisema meseji ni za uongo, ataulizwa amejuaje. Akisema ni za kweli, milioni sita zimekwenda. Alitazama mlango wa uani, na mlangoni alikuwa amekaa Rozi na kigoda chake.

"Ni kweli, baba," akasema. "Benki hiyo inakata."

"Utunzaji noti ni kitu gani?" Mzee Efraimu akauliza.

"Zile noti zinatunzwa. Zinahesabiwa, zinafutwa vumbi."

"Vumbi la shilingi laki moja na ishirini?"

Watu wakaangua kicheko. Rozi akapaza sauti kutoka mlangoni: "Na huyu sarafu mgeni, shemeji, ni mgeni wa nani? Mimi nimechanga elfu thelathini zangu za hapa hapa mtaani, hazijawahi kuona hata Nakonde."

"Zinachanganyika humo ndani," Clever akasema, jasho likimtiririka shingoni. "Mfumo unaziona zote kama moja."

"Na wikiendi?"

"Wikiendi pesa inakaa peke yake, lazima ilindwe."

Aida alikuwa anakunywa kicheko cha watu kama maji baridi. Alichokitaka kilikuwa hicho tu: Clever asimame mbele ya ukoo wake wote, aape kwa mdomo wake kwamba makato ni halali, na paa la Mpemba liwe limelipwa. Akawa anataka kurudi kukaa.

Ndipo Mercy akasema. Hakusimama, wala hakupaza sauti.

"Clever. Utunzaji noti si ndio uliokata mshahara wangu wa Januari, ule niliokupa kadi unitolee?"

Kicheko kikakatika.

"Mercy, hayo tutaongea nyumbani."

"Na sarafu mgeni Februari. Mimi mshahara wangu unatoka serikalini, nikakubali, nikasema labda serikali nayo ni mgeni." Alikuwa ameshatoa simu yake kwenye mkoba. "Laki na ishirini na tano. Laki na kumi. Shangazi, soma wewe, mimi macho yangu hayaoni vizuri."

Shangazi akasoma. Maneno yalikuwa yale yale, na saa iliyoandikwa ndani ya kila ujumbe ilikuwa nyuma kwa saa moja kuliko saa ulipoingia kwenye simu, saa ya Zambia, kutoka benki ya Vwawa kwenda Igamba, ambako hata ukipanda juu ya mti huupati mnara wa Zambia. Aida hakuwa amelijua hilo. Alikuwa amemchimbia Clever shimo la kumtosha yeye tu, na sasa aliona binti wa watu yumo ndani siku nyingi.

"Ngojeni," Mzee Efraimu akasema, sauti imebadilika. "Kama benki haikukata, basi milioni sita za michango ziko wapi?"

Aida hakukaa.

"Ziko Mpemba, baba. Juu ya nyumba yangu. Mabati geji ishirini na nane, mbao, misumari, na fundi nimemlipa jana." Akachomoa daftari kwenye mkoba, akaliweka mezani. "Humo mna kila alichonikata tangu niende Kitwe, tarehe na kiasi. Upande wa pili mna kila nilichomkata mimi. Jumlisheni. Hata shilingi mia haikuzidi."

Mama mkwe akamtazama.

"Mama Lusajo. Umeiiba harusi ya mwanangu?"

"Nimeikata, mama."

Bibi yule akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hicho ndicho kilichomchoma Aida zaidi siku ile, na hakumfuata ndani.

Waliobaki walibishana mpaka jua likageuka. Wengine walisema Aida angepeleka shauri kwa wazee. Aida akawauliza ni wazee wepi wangemwamini muuza mchele dhidi ya mwanakwaya. Shangazi wa Mercy akafupisha mambo. Alimshika binti yake mkono, akasema huku kwenu mnakata sana, sisi tunaondoka na kilichobaki. Mercy alipopita mbele ya Aida alisimama kidogo.

"Dada, ulijua lini?"

"Wiki ya kwanza niliporudi."

"Ungeniambia."

Mercy akatoka.

Harusi ilikufa pale pale, na michango ya harusi iliyokufa hurudi kwa wenyewe. Milioni nane na ushee zilizobaki benki zingegawanywa. Zile sita?

"Zitalipwa na nani?" Mzee Efraimu akauliza.

"Na aliyezifafanua," Rozi akajibu kutoka mlangoni, na hakuna aliyembishia.

Clever aliuza pikipiki. Akauza kochi, akauza mtaji wa kibanda, na Jumamosi ile ambayo angekuwa kanisani na suti, alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la kibanda chake na bahasha, na watu wamepanga mstari mpaka barabarani. Madereva wa malori yaliyokuwa yanasubiri kuvuka walishuka kuuliza kuna nini hapo kinauzwa. Rozi aliwaeleza, kila mmoja kwa wakati wake, bila kupunguza kitu.

Saa nane mchana Aida akaja, akasimama mwisho wa mstari. Watu wakampisha apite mbele, akakataa. Alisimama juani karibu saa nzima, akisogea hatua moja moja, mpaka akafika dirishani.

Clever akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu. "Shemeji, na wewe umefuata nini?"

"Nilichanga elfu hamsini. Jina langu liko ukurasa wa pili wa orodha."

Akatafuta, akalikuta. Akahesabu noti tano za elfu kumi, akazisukuma chini ya wavu. Aida hakuzigusa.

"Hesabu tena," akasema. "Kwa sauti, na hawa wa nyuma wasikie."

Clever akazivuta noti akaanza upya. "Kumi," akasema. "Ishirini."